Santuri niliyomwitia rafiki yangu mwizi ilikuwa kwa shelf yangu

Wakuu wa thread ya "Nini inazunguka leo", hamjambo nyote.

Mmezoea mimi kuweka picha ya kava, jina la mpiga saksafoni na maneno mawili matatu, halafu nanyamaza. Leo hakuna picha. Leo nina maelezo, na ni marefu. Mwenye chai achukue chai.

Nitakayosema ni ya kweli. Sina stakabadhi ya kuwaonyesha, ila fikirieni hivi: mtu akitunga hadithi kujihusu, hujipa angalau sehemu moja nzuri. Mimi humu nimejitafutia hiyo sehemu na sijaipata.

Nina miaka sabini na tatu. Naishi Woodley, nyumba ile ile niliyoingia nikioa. Nilifika Form Four, nikapata kazi kwa printing press ndogo ya River Road, nikaifanya mpaka nikastaafu. Nilianza na kupanga herufi, baadaye nikapewa plates, zile bamba za kuchapishia. Wakati huo nilikuwa na macho ya kuona koma iliyolala vibaya. Siku hizi simu naishika mbali kama kitu kinachoweza kuniuma.

Hapo River Road ndipo nilijuana na Twalib.

Twalib alikuwa fundi wa redio na amplifier. Mtu wa Mombasa, lakini nyumba yake ilikuwa Ngara. Workshop yake ilikuwa chini ya ngazi, kwa jengo lile lile la press yetu, mahali padogo hata mteja wa pili alilazimika kusimama nje. Alivaa kofia nyeupe kila siku, na kila siku ilikuwa imepigwa pasi.

Mafundi wengine wakimaliza kutengeneza spika walikuwa wanaijaribu na muziki wa kelele, mtaa mzima usikie. Twalib alikuwa anaweka jazz, tena ile ya polepole. Nikamuuliza kwa nini.

"Kelele huficha ugonjwa," akaniambia. "Wataka kujua spika ni nzima? Mpe mtu anayepiga bila haraka. Ikiwa ina ila, utaisikia pale anaponyamaza."

Mimi nilikuwa najua nyimbo za kanisa na magitaa ya kwetu, basi. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa karatasi. Nilisimama pale ngazini mpaka foreman akaja kunitafuta.

Hivyo ndivyo niliingia kwa huu ugonjwa wetu, wakuu.

Twalib aliniundia turntable yangu ya kwanza kutoka kwa mabaki ya tatu zilizokufa. Kila Jumapili, mimi nikitoka kanisani na yeye akishaswali adhuhuri, alikuwa anakuja Woodley tunasikiliza mpaka jioni. Mke wangu alikuwa anasema sisi ndio wanaume wawili pekee Nairobi ambao wanaweza kukaa masaa manne bila kuongea na bado waseme walikuwa na mazungumzo mazuri.

Sasa kuhusu hiyo santuri.

Kuna bendi ya watu wa Afrika Kusini ilipita Nairobi, ikapiga kwa hoteli moja ya town wiki kadhaa. Sisi press tulichapisha poster zao. Amplifier yao ikafa, nikawapeleka kwa Twalib, akaifufua mchana mmoja. Siku wanaondoka, yule mzee wao wa saksafoni alikuja mpaka chini ya ngazi na LP mkononi. Kava nyeupe tupu. Label nyeupe tupu. Zile ambazo studio hutoa chache kwanza za kujaribu. Akaiweka katikati yetu, kwa meza ya Twalib, akasema ni yetu wote wawili.

Sijawahi kuiona kwingine, na nimetafuta. Msiniulize jina. Haikuwa na jina. Tuliandika label kwa biro: T na K, Twalib na Kamau.

Tukakubaliana zamu. Mwezi Ngara, mwezi Woodley. Na tukaweka sheria: siku ya kupokezana, anayetoa lazima amwambie anayepokea kitu kipya alichosikia. Twalib angekuja, anipe santuri kwa mikono miwili, aseme, "Mwezi huu sikiliza mguu wa mpiga drum. Kuna mahali unachoka." Nami ningemwambia, "Mwezi huu sikiliza mtu anakohoa upande wa pili." Tuliifanya hivyo karibu miaka mitatu, na santuri haikuisha maneno.

Hapa niwaeleze kitu ambacho vijana wa hii thread huenda hamkijui.

Zamani party ya nyumbani ilikuwa hatari kwa mtu mwenye santuri. Wageni walikuja na mikono mitupu na kutoka na makoti mazito. Kwa hivyo kila mmoja wetu alikuwa na mbinu. Siku ya wageni, unatoa santuri nzuri kwa kava yake, unaificha kwa kava ya kitu ambacho hakuna binadamu atakitaka. Wengine walificha kwa hotuba. Wengine kwa kwaya.

Mimi nilikuwa nazo tatu za shorthand. Mke wangu alisomea secretarial, na hizo zilikuwa santuri za mazoezi: mama mmoja mwenye sauti ya puani anasoma barua za ofisi, maneno themanini kwa dakika, nawe uandike. Katika historia ya Nairobi hakuna mtu ameiba santuri ya shorthand.

Mnaona tunakoelekea. Lakini mimi sikuona kwa karibu miaka arobaini.

Tulimbatiza mtoto wetu wa kwanza, Wangari. Nyumba ikajaa. Ulikuwa mwezi wangu. Mchana watu wakiwa wachache, Twalib mwenyewe aliiweka ile santuri, tukaisikiliza upande mmoja tumesimama. Alikuwa amekuja na mfuko wake wa vyuma kwa sababu spika yangu moja ilikuwa inakoroma. Akaitengeneza, akala pilau, akaondoka kabla ya maghrib.

Mimi nilibaki nikinywa. Siwezi kuwaambia nilikunywa kiasi gani, lakini asubuhi niliambiwa nilihutubia kuku.

Asubuhi hiyo kava nyeupe ilikuwa tupu.

Nikapekua nyumba. Mke wangu, akiwa na mtoto mgongoni, akaniuliza, "Umeangalia kwa zangu?"

"Nimeangalia."

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimetazama migongo ya kava, nikaona shorthand, shorthand, shorthand, nikapita. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na ni dogo. Lingeweza kubaki dogo.

Jumatatu nikashuka mpaka chini ya ngazi. Twalib alikuwa na mteja.

"Twalib, irudishe."

"Nirudishe nini, shekhe?"

"Unajua."

"Sijui. Keti kwanza."

"Uliibeba kwa ule mfuko wa vyuma."

Akacheka. Alidhani ni mzaha, sisi tulikuwa watu wa mzaha. "Wewe Kamau! Wiki mbili zijazo yaja kwangu yenyewe. Mimi niibe zamu yangu?"

Wakuu, hapo kesi ilikuwa imeisha. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Mimi sikusikia maneno, nilisikia kicheko, tena mbele ya mteja. Nikatoka hadi barabarani, nikageuka nikamnyooshea kidole, nikalisema lile neno kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Mwizi.

Wa Nairobi hamhitaji kuelezwa. Kwa walio mbali: River Road hilo neno halingoji maelezo. Mtu akiitwa hivyo, watu huja, na hawaji kuuliza.

Nimesikia watu wengi wakisema "nilikuwa na hasira, sikujua". Mimi nilijua. Nilikuwa nimefanya kazi mtaa huo miaka, nilikuwa nimeona. Nililisema nikijua linaita nini.

Walikuja. Watu wa mikokoteni, wapita njia, wengine hata hawakuwa wameona ninamnyooshea nani. Mmoja akamzaba Twalib kofi, na ile kofia nyeupe ikaangukia mtaroni.

Aliyemwokoa ni mama aliyekuwa na hoteli ya chai mlango wa pili. Alimvuta Twalib ndani kwa kola, akafunga mlango, akasimama nje na sufuria ya chai inayochemka.

"Wa kwanza ataikunywa na uso," akasema.

Watu wakaangua kicheko, wakatawanyika. Ilichukua dakika tano, pengine chini ya hapo.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kusema, "Ngojeni, labda nimekosea." Maneno matatu. Hata kofia sikuiokota. Nilipanda ngazi nikarudi kazini, nikapanga herufi mpaka saa kumi na moja.

Twalib alifunga workshop mwezi huo huo. Nani atampelekea amplifier yake mtu aliyeitwa mwizi na rafiki yake? Alihamishia vyombo vyake Ngara, akawa anatengenezea nyumbani. Hatukuongea tena.

Nami nikaanza kuzunguka. Nikitaka kwenda upande wa Ngara nilikuwa napitia njia ya juu ili nisikanyage kile kipande cha barabara. Hata kuingia kazini nilipata mlango wa nyuma, kwenye taka. Nilijiambia ni kwa sababu sitaki kukumbuka alivyoniibia. Mwili ulikuwa unajua kitu ambacho kichwa kimekataa.

Tuje siku hizi.

Wangari ndiye aliniwekea hii forum, akasema nitapata wazee wenzangu. Nikapata vijana, lakini mnaheshimu, nashukuru. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka mwenzetu Bassline_Kangemi alileta ile challenge: chagua shelf moja, piga kila santuri kutoka kushoto kwenda kulia, hakuna kuruka, na kila moja uilete hapa. Wengi wenu mlishindwa mlipofika kwa santuri za krismasi za mama zenu. Mimi ni mbishi, nikaendelea.

Nikafika kwa shorthand.

Ya kwanza niliileta hapa. Yule mama akasoma barua ya kampuni inayolalamikia kuchelewa kwa cement. Kuna mmoja wenu aliandika, "Mzee hii ni free jazz," akapata likes nyingi kuliko mimi nimewahi kupata. Ya pili nikaileta, mkacheka zaidi.

Ya tatu ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Sikuwa nimevaa miwani, na nani anahitaji miwani kwa shorthand? Nikaitoa, nikaiweka, nikashusha sindano, nikakaa nikingoja "Dear Sir".

Ikaja besi.

Noti nne, zinashuka, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Halafu brashi juu ya drum. Halafu yule mzee akavuta pumzi. Hiyo pumzi inasikika kabla ya saksafoni, Twalib ndiye alinionyesha, mwezi mmoja wa zamani.

Kutoka jikoni: "Baba Wangari! Huyo madam wa shorthand amejifunza saksafoni lini?"

Nikaongeza sauti asikie.

Akaja na ungo wa maharagwe mkononi. Akaniangalia, akaangalia turntable. Akaweka ungo chini, akavaa miwani yake, akainama, akawa anazungusha kichwa kufuata label ili aisome. T na K.

Akakaa kando yangu tukasikiliza mpaka upande ukaisha. Sindano ilipoinuka ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya mama mwenye mtoto mgongoni:

"Umeangalia kwa zangu?"

Halafu akasema, "Vaa viatu."

Ningependa kuwaambia nilivaa. Nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza nilisema nina presha. Ya pili nilisema mvua inakuja. Ya tatu nilisema, "Na kama alishakufa?" Mke wangu akanijibu, "Hajafa. Mke wake ndiye alikufa. Nilienda matanga." Miaka yote hiyo alikuwa anasalimiana nao sokoni na hakuniambia, kwa sababu jina hilo likitajwa nilikuwa naondoka mezani.

Basi Ijumaa nikaenda. Santuri niliibeba kwa kikapu cha mke wangu, kati ya taulo mbili.

Chini ya ile nyumba ya Ngara sasa kuna duka la vyombo vya plastiki, ndoo na beseni za kuuza kwa jumla. Nikamkuta mwanamke wa umri wa Wangari, amejifunga buibui, anahesabu beseni. Huyo ni Zuhura, binti ya Twalib.

"Shikamoo mzee. Tukusaidie na nini?"

"Marahaba. Namtafuta baba yako."

"Nimwambie ni nani?"

"Kamau. Wa printing."

Aliacha kuhesabu. "Kamau wa Mwizi?"

Ikanichukua muda kuelewa. Kwa hiyo nyumba, miaka yote, mwenye kubeba hilo neno kama jina la ukoo nilikuwa mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Huyo."

Akanipandisha juu. Twalib alikuwa amekaa dirishani, redio imefunguliwa tumbo mbele yake, soldering iron mkononi. Amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe kama kofia. Hakushtuka kuniona.

"Karibu. Kaa. Si hapo, hapo pana waya."

Nikakaa pasipo na waya.

"Twalib, nimeipata."

"Wapi?"

"Kwa shorthand."

Akaweka iron chini. Nikaona mabega yanatikisika, nikafikiri analia, nikataka kusimama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Zuhura akapanda na maji.

"Kwa shorthand!" anamwambia binti yake, machozi yanamtoka. "Aliificha mwenyewe! Na mimi umri wote huu nafikiri aliiuza, kisha akanisingizia ili nisimuulize."

Hapo ndipo nilielewa. Kila mmoja alikuwa amemfanya mwenzake mwizi. Tofauti ni kwamba yeye hilo neno hakulipeleka barabarani.

Kicheko kilipoisha, nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeandika ya kusema, maana mimi si msemaji. Nikakuta miwani nimeacha nyumbani. Kwa hivyo nikasema tu yaliyokuja. Kwamba nilimkosea. Kwamba nilijua neno hilo linaita nini na nikalisema. Kwamba sikuokota kofia. Naomba msamaha.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza spika.

"Haya, nisikize na wewe," akasema. "Humu ndani mimi ni msafi. Marehemu mke wangu alijua, binti yangu ajua. Humu hukuniita mwizi. Uliniita kule."

"Twalib, kule watu wote wamehama. Hakuna anayekujua tena."

"Barabara ipo?"

"Ipo."

"Basi."

Kesho yake, Jumamosi ya wiki iliyopita, tulikutana River Road saa tano asubuhi. Alikuja kwa fimbo, Zuhura ameshika mkono wa pili. Kanzu nyeupe, kofia imepigwa pasi. Mke wangu naye alikuja, akasema hataki kuhadithiwa.

Jengo bado liko. Ile hoteli ya chai sasa inauza mabomba na mifereji. Chini ya ngazi kuna jamaa wa chaja na simu. Nilisimama pale pale, nikaanza kusema.

"Sikusikii," Twalib akasema. "Siku ile hukunong'ona."

Nikavuta pumzi. Nikapaza sauti.

"Huyu mtu si mwizi! Anaitwa Twalib! Mimi ndiye nilimwita mwizi hapa, na nilikuwa mwongo! Kitu kilikuwa kwangu nyumbani!"

Watu wakageuka. Hilo neno bado lina nguvu zake, niliona wawili watatu wakitafuta nani anakimbia. Makanga mmoja wa matatu akaita, "Mzee, hiyo ni crusade ama ni kampeni?" Mwingine akajibu, "Amen!"

Mama wa mabomba akatoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Aliiba nini?"

"Hakuiba!"

"Si nimesikia. Nauliza mlisema aliiba nini."

"Santuri."

"Ni nini hiyo?"

Twalib mwenyewe akamfafanulia. "Ya muziki, mama. Nyeusi, duara, kama sahani."

"Ile ya museum?" Akanigeukia. "Woi! Mtu anaitwa mwizi River Road juu ya hiyo?"

"Juu ya hiyo," nikasema.

Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Na vile uko na sura ya heshima."

Mke wangu akasema, "Mwambie tena."

Yule mama akaingia ndani, akatoka na stuli, akaiweka katikati ya pavement, akamkalisha Twalib, watu wazunguke. Halafu akamwita jamaa wa chaja: "Wewe! Huyu mzee si mwizi, umesikia?"

"Nimeskia, madam. Na sikuwa nimesema."

"Ukiulizwa utasema nini?"

"Si mwizi."

"Haya."

Twalib alikaa pale kama robo saa. Alikuwa anatazama ile nafasi chini ya ngazi, na mwishowe akamuuliza jamaa wa chaja anatumia risasi gani kuchomelea, jamaa akamwonyesha, Twalib akatikisa kichwa, akamwambia moto wake ni mkali mno, ndiyo maana kazi zinamrudia. Wakaanza kubishana. Sijaona kitu kizuri hivyo kwa muda mrefu, wakuu, na nimeona wajukuu wakizaliwa.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kama amenisamehe.

"Kusamehe nimesamehe. Kusahau usiniombe. Mimi ni fundi, waya nikiuona mara moja siusahau."

Nilipokea hivyo hivyo. Ni zaidi ya nilichostahili.

Santuri ilibaki Ngara. Nilijaribu kuuliza kuhusu zamu, akaniangalia kama mtu aliyeuliza swali la kijinga. "Zamu yako imekuwa ndefu, Kamau. Sasa ni yangu. Nitakwambia ikiisha."

Nina watu wa kushukuru na nitawataja bila mpangilio. Bassline_Kangemi, kwa ile sheria yako ya hakuna kuruka. Ulidhani ni mchezo. Mke wangu, kwa swali moja aliloliuliza mara mbili. Yule mama wa chai ambaye sikumwambia asante hata siku moja, na nimeulizia, hakuna anayejua alienda wapi. Kama si sufuria yake leo ningekuwa naandika kitu kingine, au singekuwa na ujasiri wa kuandika kabisa. Na Mungu, kwa kumwacha Twalib dirishani mpaka nikapata viatu.

Nimejifunza nini? Mwanzo nilifikiri ni mambo ya kuangalia ndani ya kila kava kabla ya kufungua mdomo. Hiyo ni kweli na muishike. Lakini kubwa zaidi alinifunza Twalib. Nilikuwa tayari kumwomba msamaha chumbani, sisi wawili, mlango umefungwa. Hiyo ilikuwa rahisi kwangu, haikuwa ya kumfaa yeye. Ulipomvunjia mtu jina, hapo ndipo unamrudishia. Hata kama waliosikia wote wamehama.

Kama wewe umewahi kumpa mtu jina ambalo halikuwa lake, na bado yuko hai, tuambie hapa umefikia wapi. Na kama wewe ndiye uliyepewa, tuambie ungetaka urudishiwe wapi. Nitasoma zote, hata zikinichoma. Miwani iko.

Kuna kitu kimoja zaidi na niwaache.

Leo mchana Twalib amenipigia simu. Hakusalimia.

"Upande wa pili, wimbo wa tatu, sindano yaruka. Nani ameikwaruza?"

Zamani ningemtafuta mtu wa kulaumu.

"Ni mimi," nikasema. "Ile Jumanne, nikiitoa. Sikuwa na miwani."

Nikasikia besi nyuma yake, zile noti nne.

"Haya," akasema. "Kesho njoo tusikilize mpaka hapo inaporuka."

Kesho ni Jumapili. Nimeshapiga viatu rangi.